Faida ya Elimu ya Siasa na Mahusiano ya Mataifa

(Hotuba iliyosomwa na karani wa chama mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka, Kabianga)



Nimeombwa nieleze jambo ambalo limeleta mashauri marefu katika Kamati ya Elimu, nalo ni hili: je, yafaa mfuko wa chama chetu umsaidie kijana anayetaka kwenda chuo kikuu kusoma siasa na mahusiano ya mataifa? Anapokuja mwenye kutaka udaktari, ualimu, uuguzi au kilimo, hakuna anayeuliza neno. Lakini likitajwa somo la siasa, wazee hutazamana. Wengine wamesema waziwazi kwamba fedha za chama hazikuchangwa ili kumfundisha mtu matusi ya majukwaani. Wengine wameuliza: akishamaliza, atafanya kazi gani? Maswali haya ni ya haki. Fedha hizi zimetoka katika majani mabichi yaliyochumwa kilo kwa kilo, mvua ikinyesha, na mwenye kuchanga hana budi kujua mchango wake wapelekwa wapi. Nitajaribu kuyajibu yote mawili.

Maana ya somo lenyewe

Neno "siasa" limechafuka katika masikio yetu kwa sababu ya mambo tunayoyaona kila wakati wa uchaguzi. Zamani halikuwa hivyo. Wazee wa pwani walipomwambia mtu afanye jambo taratibu, kwa upole na kwa busara, walimwambia, "Fanya kwa siasa." Maana hiyo ndiyo iliyo karibu zaidi na somo linalofundishwa chuoni. Mwanafunzi wa siasa hafundishwi kupiga kelele. Hufundishwa jinsi watu wanavyotawaliwa, nani mwenye amri na ameipata wapi, katiba hutungwaje, kodi hukatwaje na hutumiwaje, na kwa nini serikali moja hudumu na nyingine huanguka. Tena husoma fikra za wenye hekima wa kale na wa sasa, hulinganisha utawala wa nchi mbalimbali, na hujifunza kupima habari kwa hesabu na ushahidi badala ya kuamini kila uvumi.

Mahusiano ya mataifa ni tawi la somo hilo. Ndani yake mwanafunzi husoma jinsi nchi inavyopatana na nchi nyingine, inavyofanya biashara nayo, inavyogombana nayo na inavyosuluhishwa. Husoma mikataba, kazi ya mabalozi, sheria ya mataifa, na vyama vikubwa kama Umoja wa Mataifa, Umoja wa Afrika na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Katika vyuo vikuu vya Kenya masomo haya ya shahada ya kwanza huchukua miaka minne, na katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka mitatu.

Sisi watu wa Kabianga si wageni wa elimu. Shule ya Serikali ilianzishwa hapa mwaka 1925, na mwaka 2013 chuo kikuu kilichopo katika ardhi yetu kilipewa hati yake ya kujitegemea. Kwa hiyo hatuulizi leo kama elimu ya juu ni njema. Twauliza kama elimu hii moja ina faida kwa watu wa nchi ya chai. Jibu langu ni kwamba inayo, tena faida yake ni kubwa kwetu kuliko kwa watu wengi, kwa sababu mambo makubwa yaliyotupata yaliamuliwa mbali na hapa, katika karatasi ambazo hatukuziona. Nitatoa mifano mitatu: ardhi, chai na amani.

Ardhi

Mababu zetu wa Kericho walihesabiwa kuwa watu wa Uganda. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza iliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hakuna mzee aliyeitwa kuulizwa. Ng'ombe walilala katika boma lile lile, nao wenyewe wakaamka katika nchi nyingine. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka 1915, na mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth akaitafsiri kwamba Waafrika walikuwa wapangaji tu wa ridhaa ya Mfalme katika ardhi waliyozaliwa juu yake. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, sehemu kubwa ya ardhi ya Kericho ilitengwa kwa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani, ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka katika soko la dunia, mpango ule ukafa, na katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya chai yakaingia. Mwaka 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, nao wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali palipokuwa na mbung'o na malaria.

Mambo hayo mwayajua kuliko mimi. Nayataja ili mwone kilichofuata. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilitoa uamuzi uliokubali kwamba watu wa Kericho na Bomet walidhulumiwa ardhi yao. Mwaka 2021 wataalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa waliieleza serikali ya Uingereza masikitiko yao juu ya jambo hilo. Mwaka 2022 mashtaka yalipelekwa katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, iliyoko Strasbourg katika nchi ya Ufaransa.

Nimesikia watu wakiulizana sokoni: kwa nini Strasbourg na si The Hague? Mbona Uingereza ilikwisha kutoka Ulaya? Na hao wa Umoja wa Mataifa, kwa nini wasiamuru tu tulipwe? Haya ndiyo hasa maswali ambayo mwanafunzi wa mahusiano ya mataifa huyajibu katika miaka yake ya mwanzo. Mahakama ya Dunia iliyoko The Hague husikiliza mashauri ya nchi kwa nchi. Ukoo au kijiji hakiwezi kuingia mlango wake. Mahakama ya Strasbourg humsikiliza hata mtu mmoja mwenye mashtaka juu ya serikali iliyotia sahihi mkataba wake. Uingereza ilitoka katika Umoja wa Ulaya mwaka 2020, lakini haikutoka katika Baraza la Ulaya, ambalo ndilo lenye mahakama ile; hivyo ni vyama viwili tofauti. Nao wataalamu wa Umoja wa Mataifa wana uwezo wa kuchunguza, kuuliza na kuandika. Hawana uwezo wa kuamuru malipo. Asiyejua mambo haya hubisha mlango usio wake, miaka hupita, na mashahidi hufa.

Tumewategemea mawakili, na wamefanya kazi. Lakini wakili husema yale aliyopewa na wenye shauri. Kama miongoni mwetu hakuna anayeweza kusoma hati iliyotoka Geneva na kuwaeleza wazee maana yake, twabaki kuambiwa kwa kifupi tu, na aliyeambiwa kwa kifupi hawezi kuuliza swali la pili.

Chai

Wengi wetu twapeleka majani katika viwanda vya wakulima wadogo kama Kapkatet, Litein, Momul, Toror na Tegat. Kila mwaka, bonasi inapotangazwa, hupigwa kelele juu ya wakurugenzi. Pengine kelele hizo zina haki, pengine hazina. Si kazi yangu leo kuzipima. Ninalotaka kusema ni kwamba bei ya jani haiamuliwi kiwandani peke yake. Chai yetu nyingi huuzwa katika mnada wa Mombasa, kwa dola, pamoja na chai ya Uganda, Rwanda, Tanzania na nchi nyingine. Mnunuzi wetu mkubwa kuliko wote ni Pakistan. Pakistan ikikosa dola, Mombasa huona. Na Mombasa ikiona, mkulima wa Kabianga huona.

Tazameni jambo lililotokea mwaka 2025. Mwezi wa Februari, kundi la wapiganaji wa Sudan liitwalo RSF, pamoja na wenzao, lilikutana Nairobi kwa ajili ya kutangaza mpango wa kuunda serikali yao. Serikali ya Sudan iliyo upande wa jeshi ilikasirika, na mwezi wa Machi ikapiga marufuku bidhaa zote za kutoka Kenya. Katika bidhaa hizo, kubwa ilikuwa chai. Mkulima hakuwa amefanya kosa lolote, wala jani halikuwa na kasoro. Ukumbi ulifunguliwa Nairobi, na soko likafungwa Port Sudan. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi; mwaka ule yaliyoumia yalikuwa majani ya chai.

Wako pia wanaotoka na kuingia katika mashamba makubwa. Mwaka 2023 mashamba ya James Finlay yalinunuliwa na kampuni ya Sri Lanka, nchi ambayo nayo ni mkulima mkubwa wa chai. Tena, mwaka 2024 mkataba wa biashara kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika, nao una vifungu vingi juu ya ushuru na bidhaa zitakazoingia nchini mwetu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 2, yasema kwamba mkataba ambao Kenya imeuridhia huwa sehemu ya sheria za Kenya. Na sheria ya mwaka 2012 inataka mkataba upelekwe Bungeni na wananchi waulizwe maoni yao kabla ya kuridhiwa. Basi, ndugu zangu, tukiulizwa maoni, nani atajibu kwa niaba ya nchi ya chai? Mkataba wa kurasa mamia hauwezi kujibiwa kwa makofi wala kwa kuzomea.

Amani

Mfano wa tatu nitausema kwa sauti ya chini, maana jeraha lake bado lauma. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi hii iliwaka. Hata hapa katika mashamba ya chai nyumba zilichomwa, na wafanyakazi waliotoka wilaya nyingine wakakimbia na watoto mgongoni. Waliokuja kutupatanisha walikuwa Kofi Annan wa Ghana, Benjamin Mkapa wa Tanzania na Mama Graça Machel wa Msumbiji. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mapatano.

Wazee wa kokwet wangeitambua kazi ile. Kumsikiliza huyu peke yake, kisha yule peke yake. Kutomwaibisha yeyote mbele ya watu wake. Kutafuta neno ambalo kila upande waweza kulichukua nyumbani bila kuchekwa. Chuo kikuu hakikuvumbua hekima hiyo. Kilichofanya ni kukusanya mifano yake kutoka duniani kote, na kuipanga ili kijana aweze kujifunza kwa miaka michache mambo ambayo mzee aliyajua kwa umri mrefu. Hata miongoni mwa Wakenya wako waliopatanisha wengine. Jenerali Lazaro Sumbeiywo, ambaye alikuwa mwanajeshi, aliongoza mazungumzo ya Sudan yaliyozaa mapatano ya Machakos mwaka 2002 na mkataba wa amani uliotiwa sahihi Nairobi mwezi wa Januari 2005. Ni vema tuwe na vijana waliojifunza kuzima moto, kwa kuwa wa kuuwasha hawajapungua.

Waliotangulia

Yupo atakayesema kwamba mambo haya ni ya watu wa mji mkuu. Nitamkumbusha mwana wa nchi yetu, Dakta Taaitta Toweett. Alisoma Makerere na Uingereza, akaingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, akashiriki katika mashauri ya uhuru kule Lancaster House, London, na baadaye akawa Waziri wa Elimu. Mkutano mkuu wa UNESCO ulipokutana Nairobi mwaka 1976, yeye ndiye aliyechaguliwa kuwa Rais wa mkutano ule.

Salim Ahmed Salim wa Zanzibar alipelekwa kuwa balozi Misri mwaka 1964, akiwa na umri wa miaka 22. Hakusema kwamba kazi imetosha kumfundisha. Baadaye alisoma Delhi na katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na tangu mwaka 1989 hadi 2001 alikuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika.

Kwa akina mama wenye mabinti nasema neno moja zaidi. Mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani ulipofanyika Nairobi mwezi wa Desemba 2015, aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa Bi. Amina Mohamed, mzaliwa wa Kakamega. Katika mkutano ule nchi zilikubaliana kuondoa fedha ambazo serikali hutoa ili mazao yao yauzwe nje kwa bei ya chini na kuwaumiza wakulima wa nchi nyingine. Kwa hiyo binti akileta ombi, lisomwe kama la mvulana.

Juu ya kazi

Sasa nalijibu swali la kazi, na sitawadanganya. Wizara ya Mambo ya Nje huchukua watu wachache, na waombaji ni wengi. Wako wahitimu wa somo hili wanaotembea Nairobi na bahasha mkononi hadi soli za viatu zimekwisha. Kijana asiambiwe kwamba akimaliza atapewa gari lenye bendera.

Hata hivyo njia haiko moja. Wahitimu hawa hufanya kazi katika serikali za kaunti, Bungeni, katika magazeti na redio, katika mashirika ya misaada na vyama vya wakulima, na katika ualimu. Umoja wa Mataifa una makao makubwa Gigiri, Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki iko Arusha. Umoja wa Afrika uko Addis Ababa. Wenye kupata nafasi mara nyingi ni wale walioongeza kitu juu ya shahada: lugha ya Kifaransa au Kiarabu, uchumi, takwimu, au sheria. Mwenye shahada tupu na maneno mengi hupita kwa shida.

Maombi yangu kwa mkutano

Bwana Mwenyekiti, kwa hayo niliyosema naomba mkutano ukubali kwamba somo la siasa na mahusiano ya mataifa liwekwe katika orodha ya masomo yanayosaidiwa na mfuko wetu, lakini kwa masharti manne.

La kwanza, mwombaji aeleze kwa maandishi chuo anachokwenda, miaka ya masomo, na somo la pili atakaloliunganisha, liwe lugha, uchumi, takwimu au sheria. Asiyekuwa na jibu angojee mpaka alipate.

La pili, aombe kwanza mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ili fedha za chama zijazie palipopungua, zisitumike peke yake.

La tatu, mwanafunzi anayesaidiwa asitumie jina la chama katika kampeni ya mtu yeyote. Chama hiki kina watu wa kila upande, na kimedumu kwa sababu hiyo.

La nne, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: kila likizo ndefu aje mbele ya wanachama, achukue hati moja inayotuhusu, iwe uamuzi wa Tume ya Ardhi, mkataba wa biashara au taarifa ya mnada wa chai, na aieleze kwa Kipsigis na kwa Kiswahili mpaka mzee asiyejua kusoma aridhike. Akishindwa kufanya hivyo, tutajua kwamba hajaelewa bado, naye atajua.

Nanyi wazee wetu nawaomba jambo moja. Waliohamishwa mwaka 1934 wakiwa watu wazima hawapo tena, na waliokuwa watoto karibu wote wamekwisha. Lakini bado wako kati yenu waliosikia habari kwa vinywa vya wazazi: boma lilikuwa wapi, kisima kilikuwa cha nani, mpaka ulipita mti gani. Wapeni vijana habari hizo waziandike pamoja na jina la msemaji, mahali na tarehe, nasi katika ofisi ya chama tutazitunza. Kijana aweza kusoma sheria ya mataifa yote, lakini akisimama mbele ya mahakama au baraza lolote ataulizwa ushahidi, na ushahidi huo haufundishwi chuoni. Uko kwenu.

Sasa naliacha jambo hili mikononi mwa mkutano, ili lijadiliwe na kupigiwa kura.